Nani Kasema Uwanja Hauna Mwenyewe?

Leo nakupeleka mashariki mwa Uingereza, kwenye kijiji cha Mistley, jimbo la Essex, kando ya mto Stour. Hapo pana gati dogo la bandari. Ni saruji tupu, malori yanaingia na kutoka, shehena inapakiwa na kupakuliwa. Ila kwa miaka nenda miaka rudi wanakijiji nao wamekuwa wakifika hapo na shughuli zao. Huyu anatembeza mbwa, yule anawatupia bata maji mkate, watoto wamekaa ukingoni wanavua kaa kwa uzi na chambo, wazee wanapiga soga. Mwaka 2008 wenye bandari wakasimamisha uzio ukingoni mwa gati, wakisema ni kwa ajili ya usalama, mtu asije akatumbukia majini. Wanakijiji wakaja juu. Wakapeleka ombi kwa halmashauri ya jimbo: gati hili liandikishwe kuwa uwanja wa kijiji.

Uwanja wa kijiji, wenye malori! Lakini ombi lilikubaliwa, mwenye bandari akaenda mahakamani, kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikatoa neno la mwisho. Ni uwanja wa kijiji, pamoja na saruji yake na malori yake. Mwenye bandari aendelee na biashara kwa kiwango alichozoea, wanakijiji nao waendelee na kaa wao, na kila upande umvumilie mwenzake kama walivyokuwa wakivumiliana siku zote.

Nimeanza na gati hilo kwa sababu linaonyesha jinsi sheria ya wenzetu hawa inavyofikiri. Haikuuliza kama pale pana nyasi. Iliuliza watu wamefanya nini pale, kwa muda gani, na kwa namna gani. Jioni hii nataka tuifuate sheria hiyo hatua kwa hatua, kisha tutazame kilichopo kwetu, maana mkono ulioandika sheria za ardhi za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ulikuwa mkono huo huo.

Kwanza tuelewane juu ya mambo mawili. Kule England na Wales kuna ardhi ya pamoja, na kuna viwanja vya vijiji. Ukisikia ardhi ya pamoja, usidhani ni ardhi isiyo na mwenyewe. Kila kipande kina mwenyewe: lodi fulani, halmashauri, au shirika kama National Trust linalotunza urithi wa nchi. Kinachoifanya iwe ya pamoja ni kwamba watu wengine wana haki zao juu ya ardhi hiyo, na mwenyewe hawezi kuzifuta kwa kujisikia tu. Kuna haki ya kulisha mifugo. Kuna haki ya kuni, ya kuvua samaki, ya kukata ule udongo mweusi wa bwawani wanaouanika ukakauka na kuuchoma kama mkaa. Na kuna haki ya kuachia nguruwe msituni.

Hiyo ya nguruwe inafanya kazi hadi leo katika New Forest, kusini mwa England. Majani yanapoanza kupukutika, mialoni huangusha kokwa zake. Kokwa hizo zikiliwa kwa wingi ni sumu kwa farasi na ng'ombe, lakini nguruwe huzila akanenepa. Basi kwa wiki kadhaa kila mwaka wenye haki hufungulia nguruwe wao, wakasafisha msitu, na mifugo ya jirani ikapona. Haki ya mmoja ndiyo kinga ya mwingine, na huwezi kuipima haki ya namna hiyo kwa kuigawa vipande vipande kila mtu na chake.

Uwanja wa kijiji ni kitu kingine. Hapo watu hawachungi, wanacheza: mpira, kriketi, tiara, gulio la mara moja kwa mwaka, au kukaa tu juani siku jua linapowakumbuka. Sheria mbili za zamani, ya 1857 na ya 1876, bado ziko hai, na zinafanya kuweka uzio au kujenga juu ya uwanja huo kuwa kosa. Kwa ardhi ya pamoja, Sheria ya mwaka 2006 inadai kibali cha waziri kabla hujasimamisha uzio, hujajenga, wala hujachimba mtaro unaozuia watu.

Msikilizaji, ulinzi huu haukushuka kutoka mbinguni. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio ardhi za pamoja, kama ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Soma tena hesabu hiyo kichwani. Wizi huu ulipitia bungeni, mchana kweupe, na waliopiga kura wengi wao walikuwa wenye mashamba. Mwenye ng'ombe mmoja aliamka hana pa kumlisha. Pengine alipewa kijisehemu cha fidia, lakini alitakiwa kukizungushia uzio kwa gharama zake, na gharama ikamshinda. Akauza, akaenda mjini kutafuta kibarua.

Mambo yalianza kugeuka katikati ya karne ya 19, na kilichoyageuza kilikuwa zaidi ya huruma. Miji ilikuwa imejaa moshi, na watu wa London wakagundua kwamba mahali pa kuvuta pumzi panakwisha. Mwaka 1865 kikaundwa chama cha kutetea ardhi za pamoja. Mwaka uliofuata kikapata kesi yake ya kukumbukwa, kule Berkhamsted, kaskazini-magharibi mwa London. Lodi Brownlow alikuwa amezungushia theluthi moja hivi ya uwanda wa Berkhamsted uzio wa vyuma wenye kimo cha futi 5. Jirani yake mmoja mwenye haki ya malisho, Augustus Smith, mbunge wa zamani na tajiri mwenyewe, hakukimbilia mahakamani kwanza. Alikodi treni.

Usiku mmoja wa Machi 1866, treni maalumu iliondoka stesheni ya Euston ikiwa na vibarua wa reli kama 120. Walishuka Tring usiku wa manane, wakatembea hadi uwandani, wakaanza kazi. Kulipopambazuka vyuma vyote vilikuwa chini, vimepangwa kwa marundo. Hawakuviiba wala hawakuvivunja ovyo, na hapo ndipo akili ya jambo ilipokuwa. Sheria ilimruhusu mwenye haki kuondoa kizuizi kilichowekwa juu ya haki yake, ila haikumruhusu kufanya vurugu. Asubuhi watu wa mji walipanda kule juu kwa miguu na kwa magari ya farasi kujionea kwa macho. Lodi alishitaki, Smith naye akafungua kesi yake, na mwaka 1870 mahakama ikampa Smith ushindi. Uwanda ule uko wazi hadi leo.

Ni kisa kitamu, na Waingereza wanapenda kukisimulia. Mimi napenda kukiweka pembeni ya kingine kisichosimuliwa sana, cha msitu wa Epping. Watu wa kijiji cha Loughton walikuwa na haki ya kukata matawi ya miti kwa ajili ya kuni za majira ya baridi, kuanzia usiku wa manane wa Novemba 11. Mwenye ardhi alipouzungushia msitu uzio, mzee Thomas Willingale na jamaa zake waliendelea kukata, na baadhi yao wakafungwa jela. Mwishowe Jiji la London likaingilia kati, na Sheria ya Epping ya mwaka 1878 ikaufanya msitu uwe wazi kwa umma milele. Lakini haki ya kukata matawi ikafutwa. Wanakijiji wakalipwa fidia, ambayo sehemu yake ilijengewa ukumbi wa kijiji, nao umesimama hadi leo ukiitwa Lopping Hall, yaani ukumbi wa kukata matawi. Msitu ulipona, aliyekuwa akiishi kwa msitu akaambiwa kuni basi, njoo usome magazeti ukumbini. Sheria ile ilimwokoa mtembezi wa Jumapili kuliko ilivyomwokoa mwenye shoka, na tunapoisifu, tuseme na hilo pia.

Sasa tuje kwenye daftari. Waswahili wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1965 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyoufanya msemo huo uwe kweli kabisa. Iliamriwa kila ardhi ya pamoja, kila uwanja wa kijiji na kila haki iandikishwe kwenye madaftari ya halmashauri. Dirisha lilifunguliwa Januari 1967 na kufungwa Januari 1970, miaka 3 tu. Ambaye hakuandikisha, haki yake ilikufa. Familia iliyolisha kondoo juu ya mlima mmoja kwa vizazi vingi, ikiwa hakuna aliyejaza fomu, iliamka siku hiyo haina kitu. New Forest na Epping zilisamehewa kwa kuwa zilikuwa na sheria zake, lakini kwingineko karani ndiye aliyeamua nani ana historia na nani hana. Na kwa kuwa hakukuwa na uchunguzi wa kutosha, mengine yaliandikwa kimakosa: mahali pengine ardhi isiyo ya pamoja ikaingia daftarini, pengine ya pamoja ikaachwa nje. Sheria ya 2006 ilitungwa kwa kiasi fulani ili kurekebisha fujo hiyo.

Mlango mmoja tu uliachwa wazi, nao ndio walioupitia wale wa gatini. Uwanja mpya wa kijiji unaweza kuzaliwa, ikiwa wakazi wa mahali wameutumia kwa michezo na starehe halali kwa miaka 20, kama watu wenye haki. Na kutumia kama mwenye haki maana yake ni mambo matatu yaliyotoka kwa wanasheria wa Roma ya kale: bila nguvu, bila kificho, bila ruhusa. Bila nguvu, yaani hukuvunja uzio wala hukupuuza kibao cha kukukataza. Bila kificho, yaani uliingia mchana, mwenyewe akikuona akitaka kuona. Hilo la tatu ndilo linalowachanganya watu: bila ruhusa!

Sikiliza inavyofanya kazi. Kijiji cha Sunningwell, karibu na Oxford, kilikuwa na kipande cha ardhi ya kanisa. Watu walitembeza mbwa hapo, wakarusha tiara, watoto wakateleza juu ya theluji. Padri hakuwakataza wala hakuwaruhusu, aliwaacha tu. Kanisa lilipotaka kujenga, wanakijiji wakaomba ardhi iandikishwe. Mwaka 1999 majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, Lodi Hoffmann akiandika hukumu, wakasema uvumilivu wa mwenye ardhi si ruhusa, na wala si lazima mwanakijiji awe alijiona kichwani mwake kuwa ana haki. Inatosha alionekana anatumia kama mtu mwenye haki. Uwanja ukaandikishwa.

Lakini laiti yule padri angesimamisha kibao chenye maneno mazuri, karibuni nyote mcheze hapa kwa hisani ya kanisa, kesi ingekufa. Ukarimu ulioandikwa unaua haki, ukimya unaizaa. Na jambo limekuwa gumu zaidi tangu hapo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliukataa uwanja mmoja wa michezo mjini Whitby, uliotengwa na halmashauri karibu na nyumba zake za kupangisha ili watu wauchezee. Hoja ya majaji: kama halmashauri ilitenga uwanja kwa ajili yenu, basi mlicheza kwa sababu mlipewa, hamkucheza kama wenye haki. Maana yake, uwanja uliotengwa makusudi kwa watoto ndio usioweza kuingia daftarini kwa njia hii, na gati la malori linaingia. Kisheria hoja inasimama vizuri. Kwa mama aliyelea watoto wake kwenye uwanja ule, sijui ungeanzia wapi kumweleza. Mwaka 2019 mlango ukabanwa tena: ardhi inayoshikiliwa kisheria kwa ajili ya shule au hospitali haiwezi kugeuzwa kuwa uwanja wa kijiji, hata watu wawe wamecheza hapo miaka 50.

Bunge nalo likaweka mguu. Tangu 2013, huko England, mtu akishatangaza ombi la kutaka kujenga mahali, wanakijiji hawawezi tena kukimbilia kuandikisha. Zamani watu walingoja waone trekta ndipo wakumbuke utoto wao, na wajenzi walilalamika kwamba viwanja vinazuka ghafla kama silaha ya kuzuia nyumba. Malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Ila matokeo ni kwamba sasa lazima uandikishe uwanja wakati hakuna anayeutaka, na ni nani anayeketi kujaza fomu kwa ajili ya kitu ambacho hakijatishiwa?

Fomu zenyewe si mchezo. Kila shahidi anaulizwa ametumia mahali hapo tangu mwaka gani, akiingilia njia ipi, akifanya nini, aliona kibao chochote, aliwahi kufukuzwa, aliona wengine wakifanya nini. Anachora mpaka kwenye ramani. Anatafuta picha za zamani za familia, zile ambazo nyuma ya mtoto anayecheka unaonekana uwanja wenyewe. Kazi hiyo inamfaa mwalimu mstaafu mwenye nafasi na kompyuta. Mchungaji hana muda huo.

Sasa turudi nyumbani, maana uzi upo na si wa kubuni. Miaka ile ile ambayo mahakama za London zilikuwa zimeshakubali kwamba desturi ya wanakijiji ina nguvu mbele ya hati ya lodi, serikali ya Mwingereza huyo huyo huku kwetu ilisema kinyume. Kenya, Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 ilizihesabu hata ardhi walizokalia Waafrika kuwa ni za Mfalme, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 jaji mkuu wa koloni akahukumu kwamba Waafrika wale walikuwa wapangaji wa Mfalme, wa kuondolewa wakati wowote atakapopenda. Malisho ya vizazi hayakuhesabika. Mtu wa Berkhamsted alikuwa na desturi yenye uzito mahakamani, mtu wa Kiambu alikuwa na ruhusa tu. Umeona jinsi lile neno ruhusa linavyokata?

Tanzania tuliliandikia hilo jibu letu katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kifungu cha 7 kinasema ardhi ya kijiji ni pamoja na ile ambayo wanakijiji wameikalia na kuitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria hiyo, hata kama ilikuwa imelala bila kulimwa, hata kama ni ya kulishia mifugo, hata kama ni njia tu ya kupitishia ng'ombe kwenda malishoni. Kwa macho yangu hiki ni kifungu kizuri kuliko kile cha miaka 20 cha Waingereza, kwa sababu kinamtaja mfugaji waziwazi na kinaitambua hata njia ya ng'ombe. Wao walibaki na mtembezi, sisi tulimweka mwenye mifugo ndani ya sheria.

Ila saa yetu ilihesabu mara moja ikasimama. Sehemu iliyokuwa ikitumiwa na watu wote kabla ya sheria kuanza ilichukuliwa kuwa ardhi ya pamoja ya kijiji. Zilizofuata zinahitaji kupita njia: halmashauri ya kijiji inapendekeza sehemu gani itengwe na kwa matumizi gani, mkutano mkuu wa kijiji unaamua, na sehemu hiyo inaandikwa kwenye daftari la ardhi ya pamoja. Ikishatengwa, halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu binafsi. Uwanja wa mpira ulioanza kuchezewa mwaka 2005, pale ulipokuwa msitu wa miiba, haulindwi na miguu ya wachezaji. Unalindwa na muhtasari wa kikao.

Walioelewa hilo walifanya kazi yao mapema. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii. Hawa ni watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na kurina asali, watu ambao mgeni akiitazama ardhi yao anasema ni pori tupu lisilotumiwa. Kenya nao, Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ziliwapa jamii haki ya kumiliki kwa pamoja, lakini mpaka jamii ijiandikishe, ardhi yake inashikiliwa kwa amana na serikali ya kaunti. Na amana ya mtu mwingine, msikilizaji, wewe na mimi tunaijua.

Kwa hiyo nina ombi kwako, na si kubwa. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi 3. Ukiitwa safari hii, nenda, na ikifika zamu ya maswali simama umuulize mwenyekiti na mtendaji: uwanja wa mpira, kisima, malisho, njia ya ng'ombe na makaburi vimeandikwa ukurasa wa ngapi wa daftari la ardhi ya pamoja? Waombe walete daftari mezani. Kama halipo, ombeni ajenda hiyo iingie kikao kijacho, na majina ya waliohudhuria yaandikwe kwenye muhtasari. Ukiwa mjini, nenda halmashauri uombe kuuona mchoro wa mipango miji wa mtaa wako, utazame eneo la wazi limechorwa wapi na leo pamesimama nini. Fanyeni hivyo sasa, wakati hakuna aliyeleta matofali.